Feni Inaingiza au Inatoa?

Mwezi wa tisa uliopita nilikuwa katika chumba cha kompyuta cha kitivo chetu, hapa Lubumbashi, nikinukuu neno kwa neno maelezo ya mama mmoja mzee aliyekuwa akieleza kwa Kisanga jinsi alivyofundishwa kufinyanga vyungu. Ilikuwa saa nane mchana, joto la mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nimefika pale anapoanza kutofautisha aina za udongo, upi unafaa kwa chungu cha maji na upi hupasuka motoni, ndipo kompyuta ilipozima. Kioo kikawa cheusi, na ule mvumo wa feni tuliouzoea ukakatika. Sote chumbani tukainua macho kwenye taa, kama afanyavyo mtu yeyote wa mji huu. Taa ilikuwa inawaka.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni umeme unaopanda na kushuka, mwingine akasema ni virusi, wa tatu akasema mashine imezeeka na dawa yake ni kuomba mpya. Fundi aliyeitwa alifungua ubavu wa kasha, akatazama ndani kidogo, akasema: «Vantilatere yote iko inazunguka, shida haiko hapa.» Ni yeye aliyeongeza feni mbili miezi michache kabla, kwa sababu ya malalamiko haya haya ya joto. Kasha lililoanza na feni tatu sasa lilikuwa na tano, na kompyuta iliendelea kuzima.

Nataka kutetea hoja moja tu mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Idadi ya feni haituambii kitu mpaka tujue kila moja inaingiza hewa au inaitoa. Jambo hilo linaonekana dogo, la mafundi. Lakini sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna sababu mbili za kulijali. Ya kwanza ni kwamba sauti tulizorekodi vijijini zimo ndani ya makasha hayo. Ya pili ni kwamba lugha tunayoiandika hapa ina maneno yanayomlazimisha mtu kuuliza swali ambalo fundi hakuliuliza.

Tuanze na feni yenyewe. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha hewa tu. Prosesa inapofanya kazi hutoa joto, joto hilo huingia kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu yake, na hewa inayopita kati ya mapezi hulibeba. Kama hewa hiyo haiondoki kwenye kasha, inazunguka mle mle na kuzidi kupata moto, na feni ya prosesa inabaki kupuliza hewa ya moto juu ya chuma cha moto. Prosesa nyingi za leo zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na hali ikizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kuzima kule hakukuwa ugonjwa. Mashine ilikuwa inajiokoa.

Ndani ya chumba chenye nyuzi 22 au chumba chenye nyuzi 32, kanuni ni ile ile: hewa ya chumba ndiyo hewa pekee inayoweza kupoza kasha, na chumba kikipanda nyuzi kumi, vilivyomo ndani navyo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Tena mji wetu uko mahali pa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja katika kumi. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, hubeba hapa joto pungufu kuliko ambalo ingebeba Matadi. Hatuna hewa ya kupoteza.

Sasa, mtu atajuaje feni inapuliza wapi? Feni ya kasha ina nyuso mbili. Uso mmoja uko wazi, mapanga yake yanaonekana bila kizuizi: hewa huingilia hapo. Uso wa pili una mikono ya plastiki inayoshikilia mota katikati: hewa hutokea hapo. Feni nyingine huchorwa mishale miwili ubavuni, mmoja unaonyesha mapanga yanazunguka upande gani, mwingine unaonyesha hewa inakwenda wapi. Asiyeamini macho yake achukue kipande cha karatasi laini, au uzi mmoja, akisogeze karibu na feni inayozunguka. Uzi ukivutwa kuelekea kasha, feni inaingiza. Ukisukumwa mbali, inatoa. Kipimo hiki hakiombi diploma.

Mimi na wenzangu wawili tulipita na uzi wetu kwenye kasha lile. Feni ya nyuma ilikuwa inatoa. Mbili za juu zilikuwa zinatoa. Mbili za mbele, zile zilizoongezwa, nazo zilikuwa zinatoa. Feni tano, zote zikitupa hewa nje, hakuna hata moja iliyokuwa inaleta. Hewa ya kutoka ilikuwa inapatikana wapi? Ilikuwa inanyonywa kwenye kila ufa: pembeni mwa vifuniko, kwenye matundu ya kuchomekea nyaya, kwenye nafasi tupu za kadi upande wa nyuma. Na kwa kuwa nyuma ndiko hewa ya moto inakotupwa, sehemu ya joto lililotoka ilikuwa inarudi ndani kupitia matundu ya jirani.

Jambo lililotufungua macho zaidi lilikuwa kichujio cha mbele. Kilikuwa safi kama siku kilipotoka dukani. Tungeweza kufurahi, lakini ndani, juu ya ubao mama na kati ya mapezi ya prosesa, vumbi jekundu lilikuwa limeshikana kama blanketi. Kichujio kilikuwa safi kwa sababu hakuna hewa iliyokuwa inaingia kupitia kwake. Vumbi lilikuwa linaingilia kwenye nyufa, mahali pasipo na mlinzi.

Tulifanya kazi kwa hatua mbili ili tusijidanganye. Asubuhi tuliondoa vumbi peke yake, tukizuia mapanga ya feni kwa kidole ili yasizungushwe ovyo na hewa tuliyoipuliza. Tukafunga kasha, tukaendesha programu ile ile kwa saa nzima. Prosesa, iliyokuwa ikifika nyuzi 91, ikafika 86. Alasiri tukafungua tena, tukageuza feni mbili za mbele ziingize hewa, tukaondoa moja ya juu, ile iliyo karibu na mbele. Tukarudia saa nzima. Ikafika 73, ingawa alasiri chumba kilikuwa na joto kuliko asubuhi. Gharama ilikuwa bisibisi moja ya kuazima. Tangu siku hiyo mashine haijazima tena katikati ya kazi.

Kwa nini tuliondoa feni badala ya kuongeza? Kwa sababu feni ya juu iliyo karibu na mbele huinyakua hewa safi mara tu inapoingia na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kuharibu kazi ya wenzake. Watu husema joto hupanda juu, kwa hiyo kila feni ya juu ni nzuri. Ni kweli hewa ya moto hupanda, lakini nguvu ya kupanda huko ni ndogo sana mbele ya feni inayosukuma. Ndani ya kasha, hewa huenda inakosukumwa.

Kila mtu aliyekulia katika mji huu analijua jambo hili tangu utotoni. Hakuna mama anayewasha mbabula huku mlango wake umegeukia ukuta. Huugeuzia kwenye upepo, hewa iingie chini, ipite kwenye makala, itoke juu. Mtoto akiukosea, anaambiwa, na haambiwi «ongeza mbabula». Anaambiwa «geuza». Sisi tunataka joto la mbabula na hatutaka la kompyuta, lakini njia ya hewa ni ile ile: ina mlango wa kuingilia, ina mlango wa kutokea, na katikati pana kitu ambacho lazima ikipitie. Tulipoingia chuo kikuu tukaona kasha la chuma lenye jina la kigeni, tukasahau tulichofundishwa jikoni.

Mpangilio unaofaa kwa kasha la kawaida, basi, unaweza kusemwa kwa maneno machache. Mbele, chini: feni mbili zinazoingiza. Nyuma, usawa wa prosesa: feni moja inayotoa. Juu, karibu na nyuma: moja inayotoa, ikiwa ipo na ikiwa joto linaidai. Nyaya zikusanywe pembeni zisizibe njia. Feni za kuingiza zizidi kidogo zile za kutoa, ili hewa ndani ya kasha iwe na msukumo wa kutoka nje kwenye nyufa badala ya kunyonywa kupitia nyufa hizo. Hapo vumbi litalazimika kupita mlangoni, kwenye kichujio, ambako tunaweza kulikamata na kulipangusa kila wiki mbili bila kufungua kitu.

Najua wapo wanaotetea kinyume chake, na hoja yao si ya kijinga. Kasha lenye feni nyingi za kutoa linaweza, mashine zikiwa mpya na chumba kikiwa safi, kupoa sawa au hata kushinda kwa nyuzi moja au mbili. Lakini anayesema hivyo haishi na vumbi letu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua haipo, barabara zisizo na lami zinapanda hewani, na dirisha likifunguliwa saa moja meza inabadilika rangi. Faida ya nyuzi mbili leo tutailipa miezi mitatu baadaye, mapezi yakishaziba. Ushauri uliotengenezwa kwa chumba kingine haufai kunakiliwa bila kutazama dirisha la chumba chetu.

Hata mafundi wakubwa wamewahi kubishana juu ya jambo hili, na kukubali kugeuka. Intel walipotoa mpango wa ATX mwaka 1995, ambao makasha mengi ya mezani bado yanaufuata, walipendekeza feni ya kisambaza umeme ipulize hewa ndani, juu ya prosesa. Baadaye pendekezo hilo likaachwa, kwa kuwa hewa hiyo ilikuwa imekwisha kupata joto kabla ya kufika, na feni ikaelekezwa kutoa nje. Kifaa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni upande.

Sasa nije kwenye lugha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tulikosea sisi, wala si fundi peke yake. Tulipolalamika, tulisema: «Kuna joto, wekeni vantilatere.» Vantilatere ni jina la kitu. Halisemi kitu hicho kinafanya nini kwa nani. Fundi alisikia jina, akaleta kitu, akakifunga mahali penye matundu ya skrubu. Alitekeleza agizo letu kikamilifu. Agizo ndilo lililokuwa na kasoro.

Kiswahili hakina umaskini hapa. Tuna jozi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujaza nazo daftari: ingia na ingiza, toka na toa. Hewa inaingia, feni inaingiza. Hewa inatoka, feni inatoa. Kitenzi kikishatamkwa hakiwezi kukwepa swali la upande. Huwezi kusema «weka kiingizi mbele» kisha ukafunga kinachotupa nje bila mtu kukusahihisha. Ninapendekeza tuandike hivyo hivyo: feni ya kuingiza na feni ya kutoa. Maneno haya hayahitaji kamati, na yule mama wa vyungu angeyaelewa akitafsiriwa mara moja.

Watu wa pwani huiita feni ya darini pangaboi, neno lililobeba ndani yake pankha ya Kihindi pamoja na boi, mtumishi aliyekaa pembeni akiivuta kwa kamba. Neno boi tunalikumbuka hapa pia, na si kwa furaha. Lakini tazama kilichohifadhiwa humo: upepo ulikuwa na mtu nyuma yake, aliyejua anampepea nani. Sisi tumebaki na feni bila mtu. Zinazunguka, zinavuma, na mvumo umetutosha kuwa ushahidi kwamba kazi inafanyika. «Iko inazunguka,» alisema fundi, na sisi wote, wanaisimu, tukaridhika na kitenzi kisicho na mwelekeo.

Nitajibiwa kwamba kazi yetu ni sarufi, si skrubu. Nauliza: rekodi zetu zinakaa wapi? Katika makasha mengi ya mezani, sanduku la diski liko mbele, nyuma tu ya feni za mbele. Feni hizo zikiingiza, diski hupata hewa ya kwanza, iliyo baridi kuliko yote. Zikitoa, diski hupata hewa iliyokwisha kupita kwenye kila kitu cha moto. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha diski kuwa nyuzi 60, kwa hiyo yenyewe ina uvumilivu mdogo kuliko prosesa, na haina akili ya kujizima. Prosesa ikifa tunanunua nyingine. Diski ikifa na Kisanga, Kilamba, Kikaonde na Kihemba vilivyorekodiwa humo, hatutamrudia kila mzee. Baadhi yao hawapo tena. Basi mpangilio wa feni mbili ni sehemu ya kazi ya kutunza lugha, sawa na kuandika jina la msemaji na tarehe ya rekodi.

Wengine watasema tuombe mashine mpya, au kiyoyozi. Tuombe, sikatai. Lakini mashine mpya ikiletwa katika mazoea ya zamani itazeeka mwaka huo huo. Na kiyoyozi hupoza chumba tu: kasha lililofungwa vibaya litaendelea kuzunguka na joto lake, na umeme ukirudi hafifu kiyoyozi ndicho cha kwanza kuzimwa. Wapo pia wanaoacha ubavu wa kasha wazi. Joto hushuka kweli kwa siku kadhaa, kisha vumbi huingia bila kuulizwa jina, na mjusi mmoja tayari tumemkuta ndani. Hiyo ni kuvunja ukuta kwa sababu tumeshindwa kufungua mlango.

Ninachoomba ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji barua kwa ofisi ya fedha.

Kwanza, kila kasha la chumba chetu lipitiwe na uzi kabla ya mwezi huu kwisha, na kila feni ibandikwe karatasi yenye mshale na neno moja: INGIZA au TOA. Atakayefungua kasha baadaye, fundi au mwanafunzi, atakuta swali limekwisha kujibiwa.

Pili, mwanafunzi mmoja kwa kila mwezi apewe kazi ya kupangusa vichujio, na kuandika daftarini nyuzi za prosesa na za diski baada ya saa moja ya kazi. Programu za kusoma joto zipo za bure. Tukiwa na safu ya namba za mwaka mzima, hatutabishana tena kama ni umeme, virusi au uzee.

Tatu, semina yetu ya istilahi, ambayo kila mwaka hutafsiri maneno ya bunge na ya mahakama, ichukue mwaka huu maneno ya kasha la kompyuta. Twende kwa mafundi wa sokoni tusikilize wanasemaje, kwa kuwa wao ndio wazungumzaji wa fani hii. Tusiwape orodha kabla ya kuchukua orodha yao. Yule fundi wetu nilimwonyesha uzi. Alicheka, akaomba kipande chake, akakiweka mfukoni.

Mimi nilimaliza kunukuu wiki iliyofuata. Mama anataja aina nne za udongo. Ya nne, anasema, ndiyo ngumu kuipata, na wasichana wa siku hizi hawaijui. Neno lake limo sasa kwenye tasnifu yangu, kwenye diski iliyo mbele ya kasha, nyuma ya feni ya kuingiza.